Ryzen 9 kwa video za harusi: inalipa au hela inapotea?

MzeeWaSendofu: Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar. Kamera inarekodi 4K kwa mbano wa H.265, biti 10, 4:2:2 (yaani inabakiza rangi nyingi kuliko video za kawaida). Nataka kuunda kompyuta mpya na macho yangu yako kwenye prosesa ya AMD, Ryzen 9 9950X. Ilipotoka Agosti 2024 bei ya Marekani ilikuwa dola 649. Ryzen 7 9700X ilikuwa 359. Viini (cores) 16 dhidi ya 8. Tofauti hiyo inalipa kweli? Kadi ya picha ninayo, RTX 3060.

Mtaa_wa_Nne: Zaidi ya milioni moja na nusu kwa kitu kinachoenea kiganjani? Nunua kiwanja, ndugu yangu. Prosesa inashuka bei kila mwaka, ardhi haishuki.

KameraMbagala: Kiwanja tena! Fundi akitaka kitendea kazi lazima aambiwe kiwanja. Bodaboda akinunua injini mpya mnamwambia hivyo? Na hicho kiwanja cha milioni moja na nusu chenye hati kiko wapi, tukakione?

Mtaa_wa_Nne: Sijasema chenye hati. Watu wameanza na kipande cha Chanika na leo wana nyumba. Nyie wa kamera mnabadilisha vifaa kila msimu, mwenye nyumba akija mnajificha.

KameraMbagala: Kodi yangu nalipa miezi sita mbele, kwa hela ya video. Usinijue kwa kunikisia, mkuu.

Kiini_Kimoja: Tuacheni ya kodi. Viini vikiwa maradufu, kasi haiwi maradufu. Kuna kanuni ya Amdahl, ya 1967 kama kumbukumbu ni nzuri: nusu ya kazi ikiwa lazima ifuatane hatua kwa hatua, hata uwe na viini elfu moja huwezi kuvuka kasi mara mbili. 9950X ni ya watu wa Blender, ile programu ya michoro ya 3D, na wanaojenga programu kubwa. Anayekata video muda mwingi anaisubirisha mashine, haimsubirishi.

KameraMbagala: Umewahi kukaa na bwana harusi anayetaka video yake kesho asubuhi? Ndiyo useme nani anamsubirisha nani.

DadaWaKisauni: Samahanini, nipo Mombasa, kazi yangu ni hii hii. Kwani hakuna aliyeisoma hiyo 4:2:2? Hapo ndipo penye shida yake yote. Prosesa za Intel zenye picha za ndani (kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa), kuanzia kizazi cha 11, zina Quick Sync inayofungua H.265 ya 4:2:2 biti 10 kwenye saketi yake maalumu. Ryzen 9000 haina hiyo. RTX 3060 pia haina. Nvidia wameileta kwenye RTX 50. Kwa hiyo 9950X itatumia nguvu ya viini vyake kufungua mafaili tu, na bado ukivuta video mbele na nyuma itakwama. Core Ultra 7 265K ya Intel ilitoka kwa dola 394 na kwa kazi hii itakupa raha zaidi. Usichukue yenye F mwishoni, hizo hazina picha za ndani.

Feni_Tatu: Intel? Baada ya yale ya 2024? i9 za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapewa volti kupita kiasi zinachakaa, kompyuta zinazima katikati ya kazi. Wenyewe walikiri, wakaongeza dhamana miaka miwili. 14900K inaruhusiwa kula wati 253, na joto hili la Dar!

DadaWaKisauni: Hizo ni za 13 na 14. Mimi nimetaja Core Ultra, ambayo Intel walisema haihusiki. Nisome kwanza, kaka, halafu unipinge.

Feni_Tatu: Nimekusoma, dada. Nauliza hiyo dhamana mtu wa Dar anaidai kwa nani, ikiwa prosesa imeletwa na mtu kwenye begi kutoka Dubai?

KameraMbagala: Hilo swali lina uzito kuliko viini vyote. Mimi niliuziwa prosesa ikafa, muuzaji akaniambia "mzigo ulikuwa mzima ulipotoka hapa". Hela ikaishia hapo.

Mtaa_wa_Nne: Ndiyo maana nikasema ardhi.

Kiini_Kimoja: Na ardhi inauzwa mara mbili kwa watu wawili, mkuu. Tuendelee.

MzeeWaSendofu: Dada wa Kisauni, asante sana. Kinachonivuta bado AMD ni soketi ya AM5, pale prosesa inapochomekwa kwenye ubao mama. Walisema wataiendeleza hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo naweza kuanza na 9700X nibadilishe baadaye. Au nitengeneze proksi, nakala nyepesi za video, nikate kwa hizo, niachane na habari ya 4:2:2?

DadaWaKisauni: Proksi zinafanya kazi vizuri, lakini kila harusi utasubiri zitengenezwe kabla ya kukata hata sekunde moja. Ukiwa na harusi mbili wikendi moja utaumia.

MzeeWaSendofu: Basi niulize la dhamana. Kariakoo kuna duka linaloiandika kwenye karatasi?

Feni_Tatu: Yapo. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na namba ya serial ya prosesa iandikwe mbele yako, boksi likiwa bado limefungwa. Akikataa kuandika, ondoka, hata kama bei yake ni nzuri.