Gumzo la ukoo: «Niwage kawamefi»

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa wote. Shangazi, tangu wanangu warudi kutoka kwako wanasemezana mezani «Niwage kawamefi, niandae icha», na nikiwauliza maana yake wanaishia kucheka. Je, hii ni lugha waliyoiokota kwenye simu, au kuna mtu mzima aliyewafundisha?

Shangazi Zuhura: Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyewafundisha, wala sijutii. Hicho ni kinyume: silabi ya mwisho ya neno unaitanguliza mbele, kwa hiyo «wageni wamefika, andaeni chai» inakuwa hayo uliyoyasikia. Utamu wake uko kwenye «niandae», kwa sababu mgeni akilisikia atadhani ni Kiswahili cha kawaida, kisha «icha» inamwacha njia panda.

Ami Salim: Na si mchezo wa jana. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliweka mifano ya kinyume katika viambatisho vya kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, karne ya 19. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa wakifichana maneno kwa njia hii kabla simu haijafikiriwa.

Idrissa (Paris): Asalaam alaykum. Huku vijana wa vitongojini wana mchezo wa jamii hiyohiyo unaoitwa verlan, na jina lenyewe ni neno la Kifaransa l'envers, yaani kinyume, lililogeuzwa. Femme, mwanamke, limekuwa meuf, na arabe likawa beur. Lakini beur lilipozoeleka hata likaingia kwenye kamusi, siri ikawa imekwisha, basi vijana wakaligeuza tena, likawa rebeu.

Mwanaidi: Kumbe! Sasa ni nani aliyemwiga mwenzake?

Ami Salim: Sioni haja ya kumtafuta mwigaji. Waganda wana ludikya, ambayo hupindua silabi zote, hivi kwamba mukono, yaani mkono, unakuwa nokomu. Na kule Buenos Aires, Argentina, watu waliligeuza jina la tango, muziki na dansi yao, likawa gotán. Palipo na mtu anayetaka kusema jambo mbele ya mwingine asiyepaswa kulielewa, mchezo huu huzaliwa wenyewe, kwani malighafi yake ni silabi, na silabi kila mtu anazo mdomoni. Tofauti ninayoiona ni kwamba verlan huchagua maneno kadhaa yakawa msamiati, ilhali kinyume ni kanuni inayomeza sentensi nzima, na ndiyo maana hakihitaji kubadilishwa kila siri inapovuja.

Shangazi Zuhura: Ongeza na kasi, Salim. Kinyume kikisemwa polepole hata paka anakielewa. Kinachompoteza msikilizaji ni mkazo: katika «sukari» uko kwenye «ka», lakini ukisema «risuka» unahamia kwenye «su», kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio linakosa pa kushika. Halafu, Mwanaidi, yule mwanao mdogo ambaye hata kusoma bado hajui, nilipompa «nyumba» alisema «mbanyu» papo hapo. Hakusema «banyum», wala hakuna aliyemweleza kwamba «mba» haikatwi.

Idrissa (Paris): Huyo mpeni shahada ya isimu.

Mwanaidi: Shahada baadaye. Ninachotaka mimi ni kujua wananisema nini. Nimejaribu kugeuza «mama» mara mbili tatu, na kila nikigeuza inabaki «mama».

Shangazi Zuhura: Hapo umegusa penyewe. Mama, baba, kaka, dada na bibi hawafichiki kwa kinyume, kwa hiyo tulipokuwa wadogo mama akitokea mlangoni hatukumtaja. Tulisema tu «leyu jaka», yaani «yule kaja», tukanyamaza.

Mwanaidi: «Leyu jaka» nimeisikia jana jioni nikifungua mlango.