Naomba ushauri: baba anaanza mionzi ya tezi dume, utumbo na kibofu vitalindwaje?

Mleta mada (Tanga)

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu. Baba yangu ana umri wa miaka 71, na amegundulika kuwa na saratani ya tezi dume ambayo, kwa mujibu wa vipimo, bado haijatoka nje ya tezi. Ameshaanza sindano za homoni, na daktari bingwa amempangia vipindi 20 vya mionzi ya LINAC (mashine inayopiga mionzi kutoka nje ya mwili) jijini Dar es Salaam. Kinachomtia hofu zaidi ni madhara yatakayobaki baada ya tiba, kwa sababu jirani yetu aliyetibiwa miaka mingi iliyopita bado hutokwa na damu aendapo haja kubwa. Na baba, ambaye hakosi swala ya jamaa, anauliza udhu wake utakuwaje ikiwa mkojo au haja vitakuwa havizuiliki. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema huko wagonjwa huwekewa jeli kati ya tezi na utumbo kabla ya mionzi, lakini hospitali tuliyopangiwa haina huduma hiyo. Je, tuahirishe tiba tukatafute fedha za kumpeleka nje, au zipo njia nyingine za kumlinda?

Mtaalamu wa tiba ya mionzi (Mwanza)

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Tezi dume imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na nyuma yake, kwa umbali wa milimita chache tu, upo ukuta wa mbele wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ukuta huo ndio unaoweza kuja kuvuja damu miezi au hata miaka baada ya tiba.

Jeli anayoisema binamu yako ipo kweli. Huingizwa kwa sindano kupitia eneo lililo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, huisukuma puru nyuma kwa takriban sentimita moja, hukaa hivyo kwa miezi mitatu hivi, kisha huyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Utafiti uliofanyika Marekani kwa wanaume 222, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, madhara ya puru ya kiwango cha wastani au zaidi yaliwapata asilimia 5.7 ya wasiowekewa jeli, huku waliowekewa hakupatikana hata mmoja. Faida ipo, siipingi. Hata hivyo, naomba uitazame namba hiyo kwa upande wake wa pili: zaidi ya asilimia 94 ya wasiokuwa na jeli hawakupata madhara hayo, kwa sababu wote walitibiwa kwa mionzi inayofuata umbo la tezi, tena kwa kuongozwa na picha. Katika mipango ya zamani ya miale michache iliyonyooka, sehemu kubwa zaidi ya puru ilipata dozi kubwa, na huenda jirani yenu alitibiwa hivyo.

Kwa hiyo maswali ya kumpelekea daktari ni haya. Je, mionzi itapangwa kwa mbinu ya IMRT au VMAT, yaani zile zinazoifanya ifuate umbo la tezi? Je, picha itapigwa kabla ya kila kipindi kuhakikisha tezi iko mahali pake, na je, kuna chembe za dhahabu zitakazowekwa ndani ya tezi ili ionekane vizuri? Mwombe pia akuonyeshe katika mpango wa tiba ni sehemu gani ya puru na ya kibofu itakayopata dozi kubwa. Ni haki yenu kuuliza, na mtaalamu mzuri hufurahi kuulizwa.

Vipindi 20 visiwatie shaka kwamba mzee anapunjwa. Utafiti wa Uingereza wa wanaume zaidi ya 3,200, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 20 hudhibiti saratani bila kuzidiwa na grei 74 kwa vipindi 37, na madhara ya muda mrefu yalikaribiana.

Mstaafu (Morogoro)

Mimi nilitibiwa bila jeli, na namshukuru Mungu choo changu ni cha kawaida. Nililosisitiziwa kila siku lilikuwa kufika nikiwa nimeshapata choo na kibofu kimejaa kwa kiwango kilekile cha siku ya kipimo cha CT, yaani picha za kupangia tiba, kwa sababu puru iliyojaa choo au gesi huisogeza tezi, nacho kibofu kilichojaa husogea juu kikaondoa sehemu yake kubwa, pamoja na utumbo mwembamba, kwenye njia ya mionzi. Maharage, kabichi na soda niliviacha hadi nilipomaliza. Foleni ikiwa ndefu, mzee aulize zamu yake kabla ya kunywa maji, na akishindwa kujizuia aseme mapema, asione haya.

Mkazi wa Uingereza

Mimi niliwekewa jeli hiyo, lakini singeshauri tiba icheleweshwe kwa ajili yake. Daktari wangu alinieleza kuwa haimfai kila mtu, hasa pale saratani inapokuwa imetoka nje ya tezi kuelekea nyuma, na kwamba maambukizi au kidonda cha puru, ingawa ni nadra, huweza kutokea.

Mleta mada (Tanga)

Nawashukuru sana. Baba ana kisukari pia, na kuna dawa ya mitishamba anayokunywa. Je, yana uhusiano?

Mtaalamu wa tiba ya mionzi (Mwanza)

Yana uhusiano mkubwa. Kisukari huongeza uwezekano wa madhara, hivyo sukari idhibitiwe kuanzia sasa. Na dawa hiyo ya mitishamba apelekewe daktari aione, asiendelee nayo kimyakimya. Jambo moja husahaulika sana: endapo atatokwa na damu siku za mbele, amwambie daktari yeyote atakayempima utumbo kwamba aliwahi kupata mionzi, kwa sababu kukata kinyama cha kipimo kwenye ukuta wa mbele wa puru iliyopigwa mionzi kunaweza kuacha kidonda kisichopona, au hata tundu. Tafadhali iandikeni taarifa hiyo kwenye daftari lake la kliniki.