Paa la asbesto la miaka ya 1970: ling'olewe, lipakwe rangi au liachwe?

MwenyePlot
Wakuu, nyumba ina paa la yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, la mwaka 1974. Mengi mazima, mawili yana ufa, upande mmoja umeota kuvu. Fundi wa kwanza anataka kuosha kwa mashine ya presha kisha apige rangi. Wa pili anasema atang'oa yote kwa siku moja na kuyafukia kwenye shimo la choo cha zamani. Nimfuate yupi?

SarujiNaNondo
Mkuu, usimfuate hata mmoja. Hiyo ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba sana, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Utaalamu huo ulisajiliwa na Ludwig Hatschek wa Austria mwaka 1901 na ukaenea dunia nzima kwa sababu bati haliozi, haliungui, na bei yake ilikuwa poa. Likiwa zima, saruji imezibana nyuzi. Presha ya maji inakwangua uso uliochakaa na kuzisambaza ukutani, bustanini hadi kwa jirani. Grainda ndiyo balaa kabisa.

Madhara hayaonekani leo. Mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na kuvuta nyuzi hizo, hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake waliripoti wagonjwa 33 Afrika Kusini, wengi wa eneo la migodi ya asbesto ya bluu kule Cape. Baadhi hawakuwahi kuchimba, waliishi jirani tu.

Kwa hiyo badilisha hayo mawili yenye ufa. Mengine nyunyizia dawa ya kuvu bila kusugua, yakikauka paka rangi ya maji kwa rola.

Mama Tangi
Na hayo mawili yanatolewaje? Barakoa za hospitali zinatosha?

TakaHatarishi
Hazitoshi, hewa inapita pembeni. Tafuta FFP3, barakoa ya kuchuja vumbi laini sana, na fundi anyoe ndevu, la sivyo haibani usoni. Avae ovaroli ya kutupwa. Akirudi na nguo za kazi nyumbani, anayezifua ndiye anavuta vumbi.

Lowanisha bati kwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, maji na sabuni ya maji kidogo, juu na chini kama dari inaruhusu. Kata bolti kwa mkasi wa chuma, usipige nyundo, usinyanyue kwa mtaimbo. Shusha bati zima kwa mikono, usilitupe chini. Funga kwa nailoni nzito ya milimita 0.2, tabaka mbili, bandika alama ya hatari. Vipande vidogo viokotwe vikiwa vibichi. Ufagio mkavu marufuku.

Watu husahau jambo moja: mabati haya yakizeeka hukatika ghafla chini ya mguu. Mbao za kukanyagia zilale juu ya kenchi.

Shimo la choo hapana. Atakayechimba msingi hapo baadaye atavunja kila kitu. Hizi ni taka hatarishi, kwa Tanzania anzia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla gari halijapakia.

MwenyePlot
Shukrani. Na maji ya mvua yanayoingia tangini?

SarujiNaNondo
Hatari iliyothibitika ni ya kuvuta hewani, si ya kunywa. Hata hivyo yamwage maji ya kwanza ya kila mvua. Tope la kwenye mfereji wa paa lina nyuzi nyingi: litoe likiwa bichi kwa kijiko cha kujengea, moja kwa moja kwenye mfuko, kabla kiangazi hakijalikausha.