Intaferoni alfa, beta, gamma, lamda: tofauti ni nini, na kwa nini kipimo cha TB kinasoma gamma tu?

Maabara_Mikindani: Wakuu, nasoma sayansi ya maabara hapa Mtwara. Intaferoni hizi, yaani protini ambazo seli hutoa kupeana taarifa za kinga, zinanichanganya. Na kwa nini kipimo cha TB cha damu kinasoma gamma peke yake?

Mkorosho_Nachingwea: Mdogo wangu, usizipange kwa herufi. Zipange kwa kipokezi, yaani mlango zinaogonga kwenye seli. Alfa na beta hugonga mlango mmoja, IFNAR, ambao karibu kila seli inao. Seli iliyovamiwa na virusi huzimwaga nje, jirani akazipokea, naye akawasha mamia ya jeni: PKR husimamisha utengenezaji wa protini, RNase L hukatakata RNA. Ni kama salfa kwenye mikorosho: hukinga ua ambalo ubwiriunga haujalifikia, lililokwisha kuungua ndiyo basi.

Lamda hufanya kazi hiyohiyo, ila mlango wake uko zaidi kwenye utando wa njia ya hewa, utumbo na ini.

Bi_Shangani: Nyongeza kuhusu gamma. Hii hutoka kwa seli T na seli NK (aina za chembe nyeupe za damu), na kazi yake kubwa ni kuiamuru makrofeji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, iue ilichokimeza. Bakteria wa TB hujificha humohumo ndani ya makrofeji, ndiyo maana tunaipima gamma. Mtoto aliyezaliwa na kipokezi kibovu cha gamma anaweza kuugua hata kwa BCG, chanjo ya TB yenye bakteria hai aliyedhoofishwa.

Kwenye kipimo hicho cha TB cha mirija minne, weka mililita 1 ya damu kila mrija, tikisa mara 10 ili antijeni (protini za TB zinazochochea seli T zitoe gamma) iliyopakwa ukutani mwa mrija ichanganyike na damu, kisha iweke kwenye nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24. Ukitikisa kivivu, seli T hazikutani na antijeni. Kwa joto letu, angalia mirija kabla ya kutoa damu: iwe kati ya nyuzi 17 na 25, isitoke moja kwa moja kwenye friji wala isikae dirishani. Mrija wa mitojeni (kichochezi cha seli T zote, cha kuhakikisha ziko hai) ukijibu kidogo mno huku ule wa TB nao umenyamaza, usiandike "hasi". Andika kwamba jibu halikupatikana. Huenda seli T zimepungua, kama kwa mgonjwa wa UKIMWI, au zimefia njiani.

Maabara_Mikindani: Ahsante, mama. Ikiwa chanya, ni mgonjwa?

Bi_Shangani: Hapana, mwanangu. Inaonyesha seli T zimewahi kukutana na bakteria huyo. Bakteria aliyelala mwilini bila kuugusa na aliyeamka akaleta ugonjwa, haiwatenganishi. Akiwa na kikohozi, homa za usiku au amekonda, chukua makohozi.