Linki 14 zote "bofya hapa", halafu programu ya kupima inasema tovuti haina kosa

Wakuu, leo nina hasira na nisipoandika silali.

Mi sioni. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, laptopu yangu inasoma kwa NVDA, ile skrini rida ya bure, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyoko kwenye skrini. Kwa asiyejua, sisi hatukai kusikiliza ukurasa wote toka juu mpaka chini, unabonyeza Insert na F7 inakuletea orodha ya linki, unashuka na mshale mpaka unayoitaka. Sasa wiki iliyopita ofisi moja imetoa majina ya walioitwa usaili, na mimi niliomba, nikafungua orodha nasikia bofya hapa. Nashuka, bofya hapa. Nashuka tena, bofya hapa. Linki 14! Kila moja PDF ya kada yake, na jina la kada limeandikwa huko juu mbali na linki, mwenye macho analiona, mimi orodha hainiambii kitu. Nikashusha kwa kubahatisha, ya madereva, ya wahasibu, mpaka bando likakata. Ikabidi nimwite mtoto wa jirani, yaani mtu mzima na digrii yangu natafutiwa jina na mtoto wa darasa la 5. Na PDF zenyewe ni picha tupu za skana, ila hilo nitalianzishia uzi wake.

Kilichoniuma zaidi ni majibu. Nikapiga simu, kijana wa IT kanipokea vizuri tu, hana kiburi, akaniambia kaka tovuti tumeipima kwa programu inayokagua kama wenye ulemavu wanaweza kuitumia, upande wa linki makosa sifuri. Nikamwambia mdogo wangu, nisaidie kitu kimoja, chukua linki moja iandike "click here" halafu pima tena. Akapima, onyo likaja palepale kwamba maneno ya linki hayajitoshelezi. Rudisha "bofya hapa", kimya. Weka "soma zaidi", kimya. Weka "pakua", kimya!

Kwahiyo hiyo programu ina orodha ya maneno mabaya na Kiswahili hakimo. Inachungulia tu kama linki ina maandishi, ikiyakuta na hayamo kwenye orodha yake imeridhika, maana yake haiijui, halafu mtu anachukua hilo jibu anatufungia nalo mdomo.

Na hii siyo anasa tunaomba. Kwenye WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, ni kipengele 2.4.4, kiwango A, cha chini kabisa, kipo tangu 2008, kinataka mtu ajue linki inampeleka wapi kwa maneno yake au yaliyoungana nayo. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010. Bado tunabahatisha.

Nyie developa mliomo humu, kabla hujapandisha ukurasa shusha NVDA, zima skrini, bonyeza Insert F7 usikilize mwenyewe, dakika 2 haziishi. Andika "Majina ya usaili, wahasibu, PDF", inakugharimu nini? Na mnaojua kuandika kodi (code) za programu, baadhi ya hizo programu kodi zake ziko wazi, waingizieni bofya hapa, bonyeza hapa, soma zaidi, pakua, maneno hayafiki hata kumi jamani.

Yule kijana alisema atamfikishia bosi wake. Leo asubuhi nimeingia tena, ziko vilevile, na imeongezeka ya 15, mtoto kanisomea kumbe ndo yenye ukumbi na saa ya usaili wa Alhamisi. Nayo inaitwa bofya hapa.