Mjadala: Vyuo vikuu viweke mtihani wa mchujo kwa kila somo, au alama za kidato cha sita zinatosha?

Mleta mada

Wadau, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka kila mwaka hoja hii hurudi: vyuo vitunge mitihani yao, Kemia kwa anayetaka udaktari, Hisabati kwa anayetaka uhandisi. Naipinga, na nina pendekezo mbadala.

Kigezo cha chini cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa gredi A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayohusu kozi. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Lakini kozi zinazogombewa, kama udaktari pale Muhimbili, haziishii kwenye kigezo cha chini, na hapo ndipo penye tatizo. A ya NECTA, Baraza la Mitihani, inaanzia 80 hadi 100. Aliyepata 81 ya Biolojia na aliyepata 96 wote wana pointi 5. Aliyepata 79 ana 4. Tofauti ya alama 2 inaonekana, ya alama 15 haionekani! Waombaji wenye A tatu wakijaa, chuo hakina namna ya kuwatofautisha kimasomo.

Wanaotaka mtihani mpya wameliona tatizo hili sawasawa. Dawa yao ndiyo siikubali. Mtihani wa kidato cha sita tayari ni wa somo kwa somo, karatasi ileile Newala na Ilala, mwongozo mmoja wa usahihishaji. NECTA iwape vyuo alama ghafi, yaani alama zenyewe kabla ya kugeuzwa gredi, za masomo ya tahasusi (mchepuo wa masomo matatu), zitumike kwenye kozi zenye ushindani mkali tu.

Mtihani mpya utafanyika lini? Watoto wanamaliza mtihani Mei, wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo yanawakuta kambini. Na kila chuo kikitunga wa kwake, binti wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) kutoka Kasulu aende Dar kwa ajili ya Muhimbili, Mwanza kwa ajili ya Bugando, Moshi kwa ajili ya KCMC, halafu Dodoma? Nauli ya nani? Mtihani wa namna hiyo utachuja mifuko kwanza, akili baadaye.

Mwalimu wa Kemia, Tabora

Mkuu, kwenye kupinga mtihani mpya tuko pamoja. Kwenye alama ghafi hapana. Hiyo 96 unayoisifia mara nyingi imetoka shule yenye maabara iliyokamilika, ambako mtoto ameshika bureti tangu kidato cha tano. Ninao wanafunzi waliofanya titresheni kwa vikundi vya watu sita, mmoja anamimina, watano wanaangalia. Akipata 82 katika mazingira hayo, mimi namwona ni mkali kuliko huyo wa 96. Leo gredi inawaweka sawa mlangoni. Ukifungua alama ghafi, umemrudisha nyuma mtoto wangu, na hajakosa chochote.

Mdau aliyeko Marekani

Huku walikuwa nayo mitihani hiyo. College Board, taasisi inayotunga SAT, mtihani wa kuombea vyuo, iliendesha pia SAT Subject Tests, saa 1 kwa kila somo, alama 200 hadi 800. Januari 2021 ikatangaza kuifuta, ikieleza kwamba mitihani ya AP, ya masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, inawafikia wanafunzi wengi na wapunguziwe mzigo. Ila msikimbilie kusema mitihani imekufa huku. MIT, chuo maarufu cha teknolojia, kiliacha kuangalia hiyo ya masomo mwaka 2020, lakini 2022 kikarudisha sharti la SAT ya kawaida au mtihani mwenzake wa ACT, kikitaka hasa kujua nani yuko tayari kwa hisabati ya pale.

Mhadhiri, fani ya uhandisi

Mnajadili wenye A tatu. Mimi niwaletee kundi mliloliacha: wanaoingia kwa diploma. Kigezo chao ni GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0, lakini kwa fani nyingi za ufundi GPA hiyo imetokana na mitihani iliyotungwa na chuo chenyewe. 3.4 ya chuo kimoja na 3.4 ya kingine hazina uzito sawa, na sina namna ya kujua. Mwaka wa kwanza nawaweka darasa moja la kalkulasi na vijana wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Wengine wa diploma wanawapita hao wa PCM kwa mbali kwenye karakana, halafu wanadondoka kwenye hisabati. Inaniuma, maana kasoro ingejulikana mapema tungewapa masomo ya kujiandaa. Sasa ongezeni na tahasusi, ambazo mwaka 2024 zilitoka 16 zikafika 65. Kazi ya kulinganisha waombaji ndiyo kwanza inaanza.

Makerere wana mtihani wa kuingia sheria. Kwa nini sisi tusiwe na mmoja wa Hisabati?

Mzazi, Kigoma

Nasema moja tu. Nimeshalipa ada ya maombi vyuo vitatu, na twisheni kabla ya hapo. Mkianzisha mtihani, na twisheni ya mtihani huo itaanzishwa wiki hiyohiyo. Wenye nacho watainunua.

Mleta mada

Mwalimu, hoja yako ni nzito, ila gredi haimlindi mtoto wako kama unavyodhani. Huyo wa kikundi cha watu sita akipata 79, leo anatupwa pointi nzima nyuma ya mwenye 80. Kwa alama ghafi angekuwa nyuma kwa alama 1, na chuo kingeruhusiwa kuwahesabu sawa wote wanaopishana kidogo, kisha kitazame shule walizotoka. Bila alama hizo huruma hiyo haiwezekani.

Mhadhiri, kwa diploma nakubaliana nawe kabisa. Hawa hawana karatasi moja ya taifa inayowalinganisha. UDSM ina mtihani wa kujiunga kwa watu wazima wa kuanzia miaka 25, kwa hiyo si jambo geni nchini. Naunga mkono karatasi moja ya Hisabati, itungwe na NECTA, ifanyikie mikoani, bila malipo, na anayeshindwa apelekwe kwenye masomo ya kujiandaa badala ya kufungiwa mlango.

Walimu wa vyuo vya ufundi mliomo humu: wanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho wako huru mwezi gani, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa?