Waimbaji wa gospo mnaorudia nyimbo za watu, tajeni waliozitunga na muache kukata beti!

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu sana.

Hivi nani aliwaambia waimbaji wetu wa siku hizi kwamba ukichukua wimbo wa mtu, ukabadilisha biti, ukavaa suti nyeupe na kurusha droni juu ya bichi basi wimbo unakuwa wako? Nenda YouTube sasa hivi katafute Usinipite Mwokozi. Zimejaa. Kuna moja inapigwa kila mahali, kwenye daladala ipo, kwenye maharusi ipo, na chini ya video imeandikwa jina la mwimbaji, la prodyuza, la aliyemsuka nywele, la mtunzi hakuna!

Ule wimbo upo kwenye Tenzi za Rohoni, bibi zetu wameuimba na misibani tumeuimba tukilia. Maneno yake aliyaandika Fanny Crosby mwaka 1868, mama wa Kimarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, na inasimuliwa kwamba alikuwa ametembelea gereza akamsikia mfungwa mmoja anamlilia Bwana asimpite. Muziki ukawekwa na William Doane. Yaani ni maombi ya mtu aliyebanwa kona zote, anaona wenzake wanatembelewa na yeye anaogopa kurukwa. Kitabuni una beti nne, na ule wa pili ndio roho ya wimbo wote, pale mtu anapokitazama kiti cha rehema, anapiga magoti, anaomba asamehewe.

Sasa kwenye hiyo kava ubeti wa pili haupo. Haupo kabisa wakuu! Anaimba wa kwanza, kiitikio, kiitikio tena, halafu gitaa la sebene linaingia anaanza kusema tumpigie Yesu makofi mikono juu, kiitikio tena mpaka unachoka, wimbo umeisha. Toba imekatwa ikabaki dansi. Na wala sina shida na dansi, sisi Waafrika tunamchezea Mungu tangu zamani, shida yangu ni kumtoa anayeomba msamaha ndani ya wimbo wake mwenyewe kisa video isizidi dakika nne.

Ni Salama Rohoni Mwangu nao wameufanya hivyo hivyo. Horatio Spafford aliuandika baada ya mabinti zake wanne kufa maji meli ilipozama mwaka 1873, halafu mtu anauimba huku anachekea kamera na keki pembeni. Hata kusoma historia ya wimbo kabla hujaingia studio mnashindwa?

Na msije mkaniambia napinga kurudia nyimbo, sipingi. Edwin Hawkins alichukua wimbo wa kanisani wa Mwingereza Philip Doddridge wa miaka ya 1700 huko, akaupanga upya na kwaya ya vijana kule California, ikatoka Oh Happy Day iliyotikisa dunia 1969. Ile ni kazi, mtu amekaa chini amefikiri. Way Maker ni wa Sinach wa Nigeria, aliutoa 2015, baadaye Wazungu wakaurudia, kina Leeland na Michael W. Smith, na wengi wakaujua kupitia wao, lakini jina la Sinach lilibaki pale pale kama mtunzi na mwaka 2020 akaongoza chati ya Billboard ya watunzi wa nyimbo za Kikristo. Wale wako mbali hawamjui hata kwa sura na jina lake wameliandika, sisi tunaosali kanisa moja tunanyang'anyana!

Njoo kwenye Ebenezer tulioujua kwa sauti ya marehemu Angela Chibalonza. Alifariki kwa ajali ya gari 2007, vijana wengi wanaousikia leo walikuwa hawajazaliwa. Nimesoma komenti kwenye kava moja, mtoto kaandika hongera dada kwa utunzi uliojaa upako, na huyo dada kajibu asante mpendwa barikiwa. Kajibu asante! Kumtaja marehemu kungempunguzia nini?

Halafu ukiwauliza wanakwambia nyimbo ni za Mungu hazina mwenyewe. Zina mwenyewe. Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kutajwa jina ni haki yake pia. Nyimbo za Fanny Crosby ziko huru, alishafariki tangu 1915, za watunzi wetu waliopo na waliotuacha juzi haziko huru hata kidogo.

Linaloniuma kuliko yote ni la nyumbani kwetu. Mwalimu wetu wa kwaya alitunga wimbo, akaandika nota kwa mkono kwenye kaunta buku, tukaurekodi enzi za kanda mimi nikiwa sauti ya tatu. Besi inaanza peke yake chini kabisa, sisi tunaijibu, wanawake wanaingia mwishoni na hapo kanisa zima linasimama. Sasa hivi uko YouTube kwa jina la dada mmoja, besi hakuna, sauti zote zimelazwa kuwa moja na mashine inazinyoosha, na ubeti wa tatu unaotaja wajane na yatima kaupunguza ukabaki mistari miwili. Mwalimu hajapata hata shilingi, hajatajwa popote, na yupo hai.

Dada kama unapita hapa, namba ya mwalimu unayo, maana kabla hujarekodi ulimpigia ukasema unaupenda wimbo unaomba akutajie maneno ya ule ubeti wa tatu, na mzee wa watu akakutajia wote mstari kwa mstari akifurahi kwamba bado kuna vijana wanaoukumbuka. Mpigie tena, na jina lake liandike chini ya ile video leo.